Maji Moto ya Alfajiri kwa Jua la Mchana

Kabla hujatoa pesa ya betri ya pili, tazama kwanza maji ya kuoga nyumbani kwako yanapashwa na nini. Katika nyumba nyingi za Kampala zilizofungwa sola, taa, televisheni, friji na intaneti vinakwenda kwa jua bila shida yoyote, lakini bafuni bado kuna shawa ya umeme au hita ya tangi inayokula uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kila kukicha. Fundi aliyefunga sola aliiacha makusudi, na alikuwa na sababu. Shawa ya umeme huvuta kilowati 3.5 hadi 5.5 kwa mkupuo mmoja, mzigo ambao inveta ya kilowati 3 haiubebi. Basi mchana betri inajaa mapema, paneli zinabaki juani bila kazi, na alfajiri watu wa nyumba hiyohiyo wananunua umeme wa gridi ili waoge.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na pampu ya joto ya maji. Huko Ulaya mashine hii inasifiwa kwa kupasha nyumba nzima wakati wa baridi kali. Sisi hatuna haja hiyo. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya mchana huwa kwenye nyuzi 25 na kitu karibu mwaka mzima. Hakuna anayehitaji kupashiwa sebule. Tunachohitaji ni maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo, na kwa kazi hiyo hali yetu ya hewa inaifaa pampu ya joto kuliko hali ya hewa ya huko inakosifiwa.

Kwa ufupi, ni mashine ileile ya friji iliyopangwa kinyume. Friji hutoa joto ndani ya kabati na kulimwaga mgongoni. Pampu hii huchukua joto la hewa ya nje na kulisukuma ndani ya tangi la maji. Umeme hauyapashi maji wenyewe, kazi yake ni kuzungusha kompresa na feni. Ndiyo maana kwa uniti moja ya umeme maji hupata joto la uniti tatu hivi. Hewa ikiwa na joto zaidi, faida inapanda. Ukitaka maji ya moto kupita kiasi, faida inashuka. Pampu ya lita 150 au 200 kwa kawaida huvuta wati 500 hadi 900 tu. Mzigo wa namna hiyo inveta ya nyumbani inauweza.

Sasa hesabu, na naomba uifanye kwa mkono wako, usiishie kusikiliza ya muuzaji. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 za maji ya nyuzi 40 kwa siku. Hizo ni lita 200. Maji ya bomba hapa huingia yakiwa na nyuzi 23 hivi. Kuyapandisha mpaka 40 kunahitaji joto la uniti 4. Ongeza linalopotea kwenye tangi na mabomba, useme 5. Kwa hita ya kawaida hizo ni uniti 150 kwa mwezi. Kwa pampu ya joto ni 50. Na ukiiendesha mchana kwa paneli zako mwenyewe, hizo 50 nazo hazipiti kwenye mita.

Bei ya uniti ina mtego wake. Mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, hupitia bei kila robo mwaka, na utaratibu haukuvunjika pale kampuni ya serikali, UEDCL, ilipopokea usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Kwa mpangilio wa mwaka huo, mteja wa nyumbani alilipa shilingi 250 kwa kila uniti katika 15 za kwanza za mwezi. Zilizofuata mpaka ya 80 zilikuwa kama shilingi 750 kila moja. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 kulikuwa na bei ya kupikia, shilingi 412, kisha ilirudi kule juu. Kwa bei hizo, nyumba inayotumia uniti 250 kwa mwezi ikipunguza 150, inaokoa 100 za bei ya juu na 50 za bei ya kupikia. Hiyo ni shilingi 95,000 na ushei, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inapita 110,000. Lakini nyumba inayotumia uniti 140 tu kwa mwezi, ikiondoa 50, zote zinatoka kwenye ngazi ya shilingi 412, na haiokoi hata shilingi 25,000 pamoja na kodi. Mtambo uleule unaomlipa jirani unaweza usikulipe wewe.

Kwa hiyo pima kwanza. Ni kazi ya jioni moja. Subiri jua lizame, izime sola, kisha zima brekeri zote isipokuwa ya hita. Tangi liwe na maji baridi; kama watu wameshaoga, vizuri zaidi. Andika uniti zilizobaki kama zinavyosomeka kwenye kiboksi cha Yaka. Washa hita uiache mpaka taa yake izime yenyewe, halafu soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo gharama ya kupasha tangi zima mara moja. Mwenye shawa ya umeme afanye hivyohivyo: asome kabla mtu hajaingia bafuni, na asome tena anapotoka. Zidisha kwa watu na kwa siku za mwezi. Ukiwa na namba yako mkononi, chukua bei ya pampu pamoja na kuifunga, uigawe kwa fedha utakazookoa kwa mwezi. Jibu ni miezi ya kurudisha mtaji. Mimi likizidi 60 naacha, kwa sababu kompresa ina umri wake.

Hapo lazima niseme jambo ambalo wauza pampu hawalipendi. Kama unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, paa lako linapata jua la kutosha, na bado huna paneli hata moja, usianze na pampu ya joto. Nunua hita ya maji ya jua, ile ya tangi lililolala juu ya paa na sahani au mirija yake chini. Haina kompresa, haina gesi, haihitaji inveta, na maji huzunguka yenyewe kwa kupata joto. Kwa familia ya kawaida ya Ntinda au Kyaliwajjala hiyo ndiyo njia fupi. Udhaifu wake ni mvua ya mawe inayoweza kuvunja mirija ya kioo, na zile wiki za mawingu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ambapo elementi ya akiba iliyo ndani yake huanza tena kula Yaka.

Pampu ya joto inamfaa mtu mwingine. Inamfaa aliyekwisha kufunga paneli na anaona ziada ya mchana inapotea. Inawafaa wakazi wa fleti, ambao paa si lao lakini wana kibaraza cha nyuma. Inazifaa sana hosteli za wanafunzi za Wandegeya na Kikoni, nyumba za wageni na saluni, kwa sababu huko maji moto yanatumika kwa wingi kila siku na mtaji unarudi upesi. Halafu kuna njia ya tatu ambayo ni rahisi kuliko zote: kama una paneli za kilowati 3 au zaidi na hita ya tangi nzima, mwambie fundi wa umeme aiondoe elementi ya kilowati 3, aweke ya kilowati 1 au 1.5, na aifunge kwenye taima iwake mchana. Utatumia umeme wa jua mara tatu ya ule ambao pampu ingetumia, lakini kama umeme huo ulikuwa unapotea tu, hasara iko wapi?

Tuseme umeamua pampu. Tangi la lita 150 linaitosha familia ya watu watano, maana maji ya nyuzi 55 huchanganywa na ya baridi bafuni, na lita 106 tu za maji hayo zinatoa lita 200 za kuogea. Ukiwa na wageni mara kwa mara, chukua lita 200. Kwa upande wa paneli, mbili za wati 550 zisizo na kivuli hutoa hapa Kampala uniti 4 hivi kwa siku kwa wastani. Pampu inahitaji chini ya 2. Usipige hesabu ya jua kali la Januari halafu ukashangaa Aprili, acha nafasi.

Mwelekeo wa paa usikusumbue sana. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua la saa sita linapita utosini, na paa la kutazama mashariki na magharibi linafanya kazi vizuri. La muhimu ni mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi la murram, na kivuli. Kivuli cha tawi moja la mfenesi juu ya paneli moja kinaweza kuangusha uzalishaji wa safu nzima. Kinyesi cha kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaotua juu ya majengo yetu, nacho kina madhara yaleyale, na hakitoki kwa mvua. Mwenye nyumba karibu na jalala au machinjio apange kuosha paneli kwa maji na kitambaa laini kila mwezi, asubuhi kabla hazijapata moto.

Kisha kuna saa ya kuwasha, na hapa ndipo faida yote ilipo. Watu wa Kampala wanaoga saa kumi na moja alfajiri ili wawahi kabla foleni haijafunga barabara za Jinja na Entebbe. Kwa mazoea wanawasha hita saa kumi usiku. Ukiihamishia tabia hiyo kwenye pampu ya joto umeharibu kila kitu, kwa sababu saa hiyo hakuna jua, hewa imepoa, na betri uliyoilipia mamilioni ndiyo itakayobeba mzigo. Weka taima iwake saa nne asubuhi na izime saa tisa alasiri. Kumbuka kwamba kwenye kioo cha mashine saa nne ni 10:00 na saa tisa ni 15:00. Mafundi wengi huiacha saa ya kiwandani, na pampu inajikuta inafanya kazi usiku wa manane bila mwenye nyumba kujua. Tangi jipya lenye sponji nzuri hupoteza nyuzi chache tu kufikia kesho yake alfajiri. Likipoteza zaidi ya 10, tafuta bomba la maji moto lisilovishwa, maana mara nyingi joto linatorokea hapo.

Kama inveta yako ni ya aina ya haibridi, mwulize fundi kama ina njia ya pili ya kutolea umeme kwa mizigo isiyo ya lazima. Nyingi za kisasa zinayo. Hiyo unaiagiza iwake pale tu betri inapofika asilimia 80, na izime ikishuka. Kwa mpango huo pampu inakunywa ziada peke yake, na siku ya mawingu mazito inasubiri au inahamia gridi kwa muda mfupi. Lakini angalia nguvu ya kuanzia. Kompresa ya kawaida inapoamka huvuta mara kadhaa ya umeme inaovuta ikishatulia, kwa sekunde moja au pungufu. Pampu ya wati 700 inaweza kuiangusha inveta ya kilowati 1.5 ingawa kwenye karatasi inaonekana inatosha. Chukua inveta ya kilowati 3 au zaidi, au tafuta pampu ambayo kompresa yake inaanza polepole na kupanda kidogo kidogo.

Halijoto iweke nyuzi 55. Usiiache kwenye 40 kwa kubana matumizi, kwani bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu. Mara moja kwa wiki pandisha mpaka 60. Pampu nyingi zina programu ya kufanya hivyo zenyewe. Nyumba yenye watoto wadogo au wazee iwekewe vali ya kuchanganya kwenye bomba la kutokea, ili maji yanayofika bafuni yasiunguze ngozi.

Mahali pa kuweka mtambo panahitaji fikra. Unavuta hewa na kutoa hewa ya baridi, kwa hiyo ukiufungia ndani ya stoo ndogo isiyo na dirisha utapoza stoo, na kila nyuzi inayoshuka inapunguza faida yako. Kibaraza cha nyuma chenye paa ndipo pazuri. Uwe mbali na dirisha la chumba cha kulala, sababu feni na kompresa vina mvumo, na uwe ndani ya kizimba cha chuma kwa ajili ya wezi, lakini kizimba cha nondo zilizoachana, si cha bati. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo mashine itatoa lita kadhaa za maji kwa siku. Yaongozwe kwa bomba dogo mpaka kwenye mtaro. Kama gesi iliyomo ni R290, hiyo ni propani, inawaka. Nje haina tatizo. Ndani ya nyumba usikubali.

Upande wa maji, jua kwanza shinikizo lako. Nyumba iliyo bondeni inaweza kupata maji ya NWSC, shirika la maji, yenye nguvu kubwa usiku na kukauka mchana, na ndiyo maana wengi tunategemea tangi la plastiki lililo juu ya mnara. Lishe mtambo kutoka kwenye tangi hilo, si moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa. Weka vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, ili mgao ukikatika tangi la moto lisijimwage. Na halafu kuna vali ya usalama, ile yenye kijiti kidogo ubavuni, ambayo hudondosha maji kidogo wakati tangi linapopata moto. Kudondosha huko ndiko kazi yake. Maji yakipanuka bila pa kutokea, tangi la chuma linaweza kupasuka kwa nguvu ya kuua mtu. Wapo wanaoiziba kwa sababu inalowesha ukuta. Tafadhali, isizibwe kamwe. Iwekewe bomba la kuteremka hadi chini, na kijiti kinyanyuliwe mara moja kila baada ya miezi sita kuhakikisha hakijaganda.

Radi nayo si ya kupuuzwa. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na fremu za alumini juu ya paa haziwezi kuachwa bila waya wa ardhi. Dai nondo ya shaba iliyozikwa, waya unaounganisha fremu zote, na vizuizi vya mshtuko wa umeme pande mbili: kwenye nyaya zinazotoka kwenye paneli na kwenye umeme unaoingia kutoka gridi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na inveta moja iliyoungua. Kwa mabadiliko ya nguvu za gridi, weka kifaa kinachochelewesha kuwasha kompresa kwa dakika chache baada ya umeme kurudi. Kompresa nyingi za friji huku kwetu hufa kwa kuwashwa ghafla zingali na shinikizo.

Kuhusu fundi, utahitaji wawili au mmoja aliyekamilika. Kazi ya umeme ifanywe na mwenye kibali cha ERA, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Gesi ya kompresa iguswe na fundi wa friji anayejua kupima, si wa kukisia kwa sikio. Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, taka uandikiwe umeme unaoingia na joto linalotoka, na kwa hewa ya nyuzi ngapi. Kibao cha mashine kinachosema inaingia wati 700 na kutoa wati 2,800 bila kutaja hali ya hewa wala joto la maji hakijakuambia kitu. Uliza kama kompresa na bodi ya umeme vinapatikana hapa mjini au mpaka viagizwe China. Uliza ufito wa magnesiamu ulio ndani ya tangi unabadilishwaje, maana huo ndio unaoliwa na kutu badala ya tangi, na unapaswa kuangaliwa kila mwaka au miaka miwili. Muuzaji asiyejua ufito huo uko wapi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Neno la mwisho ni kwa wanaojenga sasa hivi, Kira, Najjera, Namugongo na Wakiso yote. Kabla ya plasta, acheni njia tatu: bomba la maji moto lililovishwa kutoka kibaraza cha nyuma hadi kila bafu na jikoni, mfereji mtupu wa nyaya kutoka paani hadi mahali pa inveta, na brekeri ya peke yake ya hita. Si lazima mnunue mtambo leo. Ila mpangaji wenu, au watoto wenu, wasije wakalazimika kubomoa ukuta mzima ili waoge kwa jua lililo bure juu ya paa lao.